Waliokwenda Kugonga Mlango

Najua nimeadimika kama sukari mwezi wa Ramadhani, na wapo walioanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nipo hapa hapa Dar, napanda daladala zile zile na kugombana na makonda wale wale. Kazi za gazeti mnazijua. Ukimaliza kuandika stori za watu, unajikuta huna nguvu ya kuandika zako.

Leo nataka kuwasimulia juu ya timu ya mpira. Simba na Yanga pumzikeni kidogo. Ni timu ya chuo kikuu cha Marekani, na mpira wenyewe ni ule wa helmeti, mabega ya bandia na mpira wenye umbo la yai. Najua wengine mmeshaanza kukunja nyuso. Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilikuwa nasema mchezo unaosimama kila baada ya sekunde tano si mchezo, ni foleni ya Ubungo. Lakini vumilieni, maana mwishoni stori hii inanihusu mimi mwenyewe, na si sehemu yangu nzuri.

Ilianza usiku mmoja nikiwa zamu. Zamu ya usiku kwenye dawati la michezo ni kungoja tu. Unangoja mechi ya mwisho iishe, ukurasa wa nyuma uende kiwandani, na gari la wafanyakazi lije. Katika kungoja huko nikafungua filamu ya Billy Corben, ile sehemu ya pili ya The U iliyotoka 2014, inayozungumzia timu ya Chuo Kikuu cha Miami. Nilidhani nitasinzia baada ya dakika kumi. Gari la wafanyakazi lilipokuja nilikuwa bado nimekodoa macho, na dereva alinipigia honi mara tatu.

Kwa ambao hawajui, Marekani mpira wa vyuo si mambo ya bonanza la wanafunzi. Ni dini. Kuna viwanja vya vyuo vinavyoingiza watu zaidi ya laki moja, wanaokuja kuwaangalia vijana wa miaka 19 na 20. Wakati huo ninaousimulia vijana wale hawakuruhusiwa kulipwa. Walipata ufadhili wa masomo, wakati kocha akilipwa mamilioni. Mambo yamebadilika tangu 2021, sasa wanaruhusiwa kutengeneza fedha kwa majina yao. Mwaka 2001 ilikuwa bado ni kusoma, kucheza, na kuomba Mungu usiumie goti kabla hujachukuliwa na ligi ya kulipwa, NFL.

Miami walikuwa wakubwa tangu miaka ya 1980. Halafu wakaanguka. Mwaka 1995 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliwaadhibu kwa kuvunja kanuni, na nafasi za ufadhili wa wachezaji zikakatwa. Kocha aliyepewa kazi ya kuokota vipande aliitwa Butch Davis. Kazi ilikuwa ngumu kwelikweli. Mwaka 1997 walipigwa 47-0 na Florida State, jirani zao na watani wao. Fikiria mtani wako akufanye hivyo, na kesho yake uende chuo ukae darasani.

Davis akajenga polepole. Akatafuta vijana mmoja mmoja. Kufikia mwaka 2000 timu ilikuwa moto. Ikawafunga Florida State 27-24, ikamaliza ikiwa imepoteza mechi moja tu, kwa Washington, 34-29. Lakini wakati ule waliocheza fainali ya ubingwa walichaguliwa kwa kura za makocha na waandishi pamoja na hesabu za kompyuta. Kompyuta zikapiga hesabu zake, na aliyepelekwa fainali akawa Florida State, yule yule waliyemfunga. Florida State akaenda akapoteza 13-2 kwa Oklahoma. Nadhani hata hapa kwetu, pamoja na ratiba zetu za viporo, hatujafikia hapo.

Vijana wa Miami wakaapa kwamba mwaka unaofuata hawataiachia kompyuta nafasi ya kufikiri. Baadhi yao waliokuwa na uwezo wa kwenda kulipwa NFL, kama beki Ed Reed, wakaamua kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi.

Halafu, mwishoni mwa Januari 2001, Butch Davis akaondoka. Akaenda kuifundisha Cleveland Browns ya NFL. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya tarehe ambayo vijana wa sekondari husaini kujiunga na vyuo.

Hapa ndipo nilipoketi vizuri kwenye kiti.

Wachezaji hawakungoja kuletewa mtu. Walikusanyika, wakazungumza, wakaenda kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo, marehemu Paul Dee, wakamwambia wanataka mtu wa ndani. Waliyemtaka alikuwa Larry Coker, kocha wa mashambulizi. Alikuwa na miaka 52, nywele za mvi, sauti ya taratibu, mzaliwa wa mji mdogo wa Okemah kule Oklahoma. Alianza kwa kufundisha timu za sekondari, kisha akawa msaidizi wa mtu huyu na msaidizi wa mtu yule, chuo hiki na chuo kile, kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwahi hata siku moja kuwa kocha mkuu wa chuo. Chuo chenyewe kilikuwa kinaangalia pia majina ya nje, majina yanayojaa vizuri kwenye kichwa cha habari. Mwishoe, mwanzoni mwa Februari, wakampa Coker.

Nikasimamisha filamu. Nikaangalia dawati la pili kutoka dirishani, ambalo sasa anakaa mtu mwingine.

Wadau, ngoja niwaeleze kuhusu dawati hilo.

Nilipoanza kazi, nikiwa na digrii yangu mpya na kiburi chake, alikuwepo mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu. Hakuwa amewahi kufundisha shule. Tulimwita hivyo kwa sababu kila aliyepita dawati letu alifundishwa naye kuandika aya ya kwanza. Alikuwa mhariri msaidizi wa michezo, na alikuwa amesaidia wahariri watatu mmoja baada ya mwingine. Wao walipandishwa, walihama, walialikwa kwenye redio kuchambua. Yeye alibaki na kalamu yake nyekundu, akikata maneno yetu. Stori yangu ya kwanza ilikuwa na maneno mia nane. Aliirudisha ikiwa na mia tatu na hamsini, akasema, "Kijana, matokeo umeyaweka aya ya tano. Msomaji kashuka kituoni."

Januari 2025 mhariri wetu akapata kazi yenye mshahara mnono mahali pengine, akaaga siku ya Ijumaa. Jumatatu wenzangu wakaanza kunong'ona. Tulikuwa saba pale dawatini. Wakakubaliana kwenda kwa mkubwa wa chumba cha habari kuomba Mwalimu apewe nafasi. Siyo mgomo, siyo barua. Ni kwenda tu, kugonga mlango, na kusema tunamtaka huyu, tutafanya naye kazi.

Dada mmoja wa dawati letu ndiye aliyepanga. Akanifuata. "Kesho saa nne asubuhi, usikose."

Nikasema sikosi.

Kesho yake saa nne nilimtumia ujumbe kwamba nimeitwa ghafla Karume kwenye mkutano wa waandishi. Hapakuwa na mkutano wowote. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chipsi mayai, nimeupa mgongo mlango wa ofisi. Nilikula taratibu sana siku ile. Nilikuwa nimesikia kwamba anayekuja ni mtu mwenye jina, mchambuzi mmoja ambaye aliwahi kusifia makala yangu. Nikapiga hesabu zangu kama zile kompyuta za Marekani. Mwalimu angenipa nini? Kalamu nyekundu. Mwenye jina angenipa safari na safu yenye picha yangu juu. Na kama Mwalimu asingepewa na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kumwombea, ningeonekanaje?

Wenzangu sita walikwenda. Mkubwa aliwasikiliza, akasema wamefanya vizuri. Mwalimu akapewa kukaimu. Wafanyakazi wa nchi hii mnaijua hiyo lugha. Kazi ni yako yote, lawama ni zako zote, ila kiti si chako.

Turudi Miami, maana huko mambo ni matamu.

Coker alipopewa timu hakufanya yale ambayo makocha wapya wengi hufanya. Hakuja na mfumo mpya. Hakumfukuza huyu na kumleta binamu yake. Alijua vijana wale walikuwa na hasira yao wenyewe tangu mwaka uliopita, na kwamba wakubwa kama Ed Reed wangewasimamia wadogo hata kocha asipokuwepo. Kazi yake ikawa kutoharibu. Hebu angalieni orodha ya waliokuwepo: Ken Dorsey ndiye kotabeki, yaani yule anayepokea mpira nyuma na kuurusha, wakimbiaji ni Clinton Portis, nyuma yake Willis McGahee, na Frank Gore, Andre Johnson na Jeremy Shockey kazi yao ni kudaka, na nyuma Ed Reed, huku chipukizi Sean Taylor akiingia kutoka benchi. Kutoka kikosi kile, wachezaji 38 baadaye walichukuliwa kwenye usajili wa NFL, na 17 kati yao kwenye raundi ya kwanza.

Septemba 1, 2001 wakaenda kwa Penn State, uwanja una watu zaidi ya 109,000, wakashinda 33-7. Wakawapiga Rutgers 61-0. Halafu ikaja Septemba 11, Marekani nzima ikasimama, na mechi za wiki ile zikaahirishwa, pamoja na ile ya Washington waliyokuwa wakiisubiri kwa hamu ya kulipa kisasi.

Walipoendelea waliendelea kwa moto ule ule. Oktoba 13 wakaenda Tallahassee kwa Florida State, ambaye hakuwa amefungwa kwake tangu 1991, na aliyemfunga mwaka huo walikuwa Miami hao hao. Wakati wa mapumziko Ed Reed alikuwa na bega linalouma, na kamera zilimnasa akiwafokea wenzake chumbani mpaka wengine wakabaki wanaangalia chini. Mechi ikaisha 49-27.

Lakini mechi iliyonishika mimi ni ya Boston College, Novemba 10. Siku ile hakuna kilichokwenda. Dorsey alikuwa anarusha mipira mikononi mwa maadui. Miami hawakupata tachidauni hata moja kwa mashambulizi, yaani hawakufanikiwa kuuingiza mpira eneo la mwisho. Pointi zao 12 zote zilitokana na mipigo minne ya mguu ya Todd Sievers. Boston College walikuwa na 7, na dakika ya mwisho wakafika yadi 9 tu kutoka kwenye mstari. Tachidauni moja, na msimu umekwisha.

Kotabeki wa Boston akarusha. Mpira ukamgonga beki wa Miami, Mike Rumph, gotini, ukaruka juu. Ukaangukia mikononi mwa Matt Walters, jitu la mstari wa mbele, aina ya mtu ambaye kazi yake ni kusukumana na si kukimbia. Walters akaanza kujivuta nao. Ed Reed akamfuata kutoka nyuma na kumpokonya mpira mwenzake wa timu moja! Akakimbia yadi 80 hadi mwisho. 18-7.

Nimeiangalia sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyoangalia mahafali yangu. Kwa hesabu za kawaida ule ni upumbavu, maana mpira ungeweza kuanguka ukarudi kwa adui. Lakini Reed hakuwa anapiga hesabu. Kilichokuwa kinamsukuma ni kwamba jambo hili ni letu, na mimi ndiye mwenye mbio.

Baada ya hapo Syracuse akala 59-0. Washington, ile mechi iliyoahirishwa, ikachezwa Novemba 24, na deni likalipwa na riba: 65-7. Desemba 1 walipona chupuchupu kwa Virginia Tech, 26-24, baada ya jamaa kukosa pointi mbili za kusawazisha kwa mpira uliodondoka mikononi mwa mdakaji wao. Januari 3, 2002 wakaingia Rose Bowl, Pasadena, California, kucheza fainali na Nebraska. Kufikia mapumziko ubao ulisomeka 34-0. Mwisho 37-14. Mechi 12, ushindi 12. Jumla walifunga pointi 512 na kufungwa 117. Larry Coker, aliyekuwa msaidizi maisha yake yote, akawa bingwa katika mwaka wake wa kwanza kabisa wa ukocha mkuu. Mara ya mwisho jambo kama hilo kutokea ilikuwa 1948, kwa Bennie Oosterbaan wa Michigan.

Basi maneno yakaanza, kama kawaida ya walimwengu. Ubingwa huu ni wa nani? Wakasema ni wa Butch Davis, aliyewatafuta vijana wale. Coker kaikuta chai imeshachemka, yeye kamimina tu kikombeni.

Sisi tunaijua hoja hii. Nabi alipoondoka Yanga mwaka 2023 na Gamondi akaja akachukua ligi, vijiwe vilibishana hivyo hivyo. Novemba 2024 Gamondi akafukuzwa, vijiwe vikahamia hoja nyingine.

Mimi zamani ningekuwa upande wa wanaosema Coker kamimina tu. Nimebadilika, na aliyenibadilisha ni Mwalimu.

Ile miezi tisa aliyokaimu, dawati letu lilifanya kazi ambayo sijawahi kuiona. Na hakubadilisha chochote! Kikao kilikuwa saa ile ile, kurasa zile zile. Nilichokiona kipya ni kidogo sana. Kila asubuhi aliwapigia simu wenyewe waandishi wetu wa mikoani, kwa vocha yake, akiwauliza kwanza watoto hawajambo ndipo aulize kuna stori gani. Basi stori zikaanza kuja, kutoka Kigoma, kutoka Songea, vitu ambavyo hakuna gazeti lingine lililokuwa navyo. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa kwetu na Kenya na Uganda, alitugawa kwa namna ambayo kila mtu alipata mechi ya kujivunia. Mimi nilitumwa uwanja wa Mkapa siku ya ufunguzi, Tanzania ilipoifunga Burkina Faso 2-0. Mimi! Niliyekula chipsi. Aliirudisha stori yangu safari ile bila kukata hata neno moja. Nilidhani hajaisoma. Nikaona chini kaandika "Sawa" kwa wino mwekundu.

Kuna watu wakipewa kitu kizuri, jambo la kwanza wanataka kionekane ni chao. Wanabomoa ukuta ili waujenge tena kwa rangi wanayoipenda. Kukipokea kitu kizima, ukakilinda, ukawaacha wenye mbio wakimbie, hiyo ni kazi. Tena ni kazi isiyo na picha, ndiyo maana haipewi heshima.

Novemba 2025 tukaitwa kikaoni tukatambulishwa mhariri mpya. Yule mwenye jina. Mwalimu akarudishwa kuwa msaidizi, na mkataba wake uliokuwa unaisha Desemba haukuongezwa. Safari hii hakuna aliyekwenda kugonga mlango. Wale sita walikuwa wamechoka, wengine waliogopa. Na mimi, ambaye safari hii nilikuwa na sababu zote za kwenda, nilijiambia nitakwendaje peke yangu. Yule mwenye jina hajanipa safu wala safari. Hata makala yangu aliyoisifia ameisahau, nilipomkumbusha alicheka kwa adabu.

Na Coker? Mwaka uliofuata timu yake ilifika fainali tena bila kupoteza hata mechi moja. Ushindi ulikuwa umefika 34 mfululizo, ndipo Ohio State wakawafunga 31-24 katika muda wa nyongeza, kwa kibendera cha mwamuzi ambacho mpaka leo mtu wa Miami ukimtajia mnagombana. Misimu mitatu ya kwanza ya Coker ilikuwa ushindi 35 na kupoteza 3. Baada ya hapo chai ya Davis ikaisha, vijana wapya hawakuwa kama wale, na mwaka 2006 ukawa wa balaa: ngumi uwanjani na timu ya FIU, kifo cha mchezaji wao Bryan Pata aliyepigwa risasi, na vipigo sita. Novemba ile akafukuzwa. Rekodi yake kwa jumla ilikuwa ushindi 60 na kupoteza 15. Baadaye alikwenda San Antonio, Texas, akaanzisha timu ya chuo ambayo haikuwahi kuwepo kabla, ikaanza kucheza 2011. Huko hapakuwa na chai ya mtu. Alichemsha mwenyewe.

Kwa hiyo wanaosema aliishiwa wana hoja yao, sibishi. Kuna kujenga na kuna kulinda, na si kila mtu anajua vyote. Ila wale vijana wa 2001 waliomwendea Paul Dee walikuwa sahihi juu ya kile walichokihitaji mwaka ule. Walijua kwa sababu walikuwa ndani. Na walikwenda.

Siku Mwalimu anaondoka tulimnunulia keki na soda, tukapiga picha. Nilimsindikiza hadi kituoni nikiwa nimembebea boksi lake. Nikajikaza.

"Mwalimu, shikamoo tena."

"Marahaba. Mbona unanisalimia mara mbili?"

Nikamwambia yote. Karume, mkutano ambao haukuwepo, hesabu zangu. Nilitegemea ashangae. Aliangalia daladala ya Mbagala ikipita imejaa hadi mlangoni, akaiacha.

"Nilikuona," akasema. "Nilivuka kununua vocha, nikakuona pale kwa muuza chipsi. Nikasema, huyu kijana ana njaa."

Sikujua kama anacheka au la.

"Sasa mbona ulinipa Mkapa siku ya ufunguzi?"

"Kwa sababu unaandika vizuri. Hilo na njaa yako ni mambo mawili." Akapokea boksi lake. "Njaa si kosa. Ila siku nyingine ukiwa na njaa, kula baada ya kugonga mlango. Chipsi hazikimbii."

Daladala iliyofuata ilikuwa na nafasi, akapanda. Nilibaki pale kituoni muda mrefu kama mtu anayengoja gari lisilokuja.

Wadau, sijawaandikia haya ili mniambie pole. Wiki mbili zilizopita mmoja wa wale waandishi wa mikoani, wale ambao Mwalimu alikuwa akiwapigia simu, alitueleza kwamba hajalipwa miezi minne. Tangu Mwalimu aondoke hakuna anayepokea simu yake. Yule dada aliyepanga safari ya kwanza akaanza kunong'ona tena. Akapita kwenye meza yangu, akasita kidogo, akataka kuendelea. Nikamwita mwenyewe.

Tulikwenda watatu. Moyo ulikuwa unanidunda, na nilipofungua mdomo nilisahau nusu ya niliyopanga kusema. Mkubwa alitusikiliza, akasema amelichukua. Mpaka leo ninapoandika hajatujibu, na yule mwandishi hajalipwa. Kesho tunarudi.

Chipsi nilikula baadaye. Zilikuwa zimepoa.

Alamsiki.